CV na Rezume: Wasifu Mrefu, Muhtasari Wake na Amana ya Ushahidi

SIFA zote njema ni za Allah (s.w.), Mwenye kuwaruzuku viumbe vyake kwa hesabu aijuayo Yeye peke yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, masahaba zake na wote walioifuata njia yao kwa wema.

Ama baada ya hayo, ndugu wasomaji, wiki hii tumeona tuizungumzie karatasi ambayo kijana huiweka juu ya vyeti vyake anapokwenda kuomba kazi. Wengi huiita CV, wenye kupenda Kiswahili huiita wasifu, na siku hizi limeingia neno jingine, rezume. Sisi tuliopewa dhamana ya kuandika na kutunza kumbukumbu za msikiti huziona karatasi hizi kwa wingi. Baada ya swala ya Alasiri vijana huja ofisini, bahasha mkononi, mmoja akitaka barua ya utambulisho, mwingine akitaka imamu au mjumbe wa kamati aandikwe kuwa mdhamini wake. Na swali linalorudi mara kwa mara ni hili: tangazo moja linataka CV, tangazo jingine linataka rezume, je, ni kitu kimoja chenye majina mawili, au ni vitu viwili?

Wapo watakaosema kuwa jambo hili si la gazeti la dini. Tunawajibu kwa heshima kwamba kutafuta riziki ya halali ni katika dini, na kijana anayekosa kazi kwa sababu hakujua kujieleza ni mzigo juu ya wazazi wake, juu ya ndoa yake inayoahirishwa mwaka hadi mwaka, na juu ya umma mzima. Zaidi ya hayo, karatasi hii ni ushahidi ambao mtu anautoa juu ya nafsi yake, na ushahidi una hukumu zake.

ASILI YA MAJINA

CV ni kifupi cha maneno mawili ya Kilatini, curriculum vitae, yenye maana ya mwendo wa maisha. Rezume ni neno la Kifaransa lenye maana ya kilichofupishwa, yaani muhtasari. Kwa hiyo tofauti imo ndani ya majina yenyewe: la kwanza linasimulia mwendo wote tangu mtu alipoanza safari yake ya elimu na kazi, la pili linauchukua mwendo huo na kuukamua, likabakiza kile tu ambacho msomaji fulani anakihitaji kwa kazi fulani.

Waarabu wa leo huiita karatasi hii sira ya mtu binafsi. Msomaji bila shaka amelitambua neno hilo, kwani ndilo tunalolitumia tunaposoma Sira ya Mtume (s.a.w.), na asili yake ni kitenzi chenye maana ya kwenda na kusafiri. Sira ni mwendo, sawasawa na lile neno la Kilatini. Nasi Waswahili tukachukua wasifu, kutokana na kumsifu mtu kwa maana ya kumweleza alivyo, wala si kwa maana ya kumpamba. Msomaji aishike tofauti hiyo baina ya kueleza na kupamba, kwani tutairejea mbele.

MFANO KUTOKA KWA WANAZUONI WETU

Waliosoma elimu ya hadithi watalifahamu jambo hili kwa wepesi, kwa sababu wanazuoni wetu walikuwa na wasifu mrefu na muhtasari wake karne nyingi kabla ya ofisi za ajira kuwako. Ili kuipokea hadithi iliwapasa kumjua kila aliyeisimulia: jina lake na la baba yake, mji wake, walimu aliosoma kwao, wanafunzi waliosoma kwake, safari zake, mwaka aliofariki, na juu ya yote, hifadhi yake na uaminifu wake. Elimu hiyo inaitwa elimu ya wapokezi.

Al-Hafidh al-Mizzi, aliyefariki mwaka 742 Hijria, aliandika kitabu kinachoitwa Tahdhib al-Kamal. Ni kitabu kipana. Chapa yake mashuhuri ya zama zetu ina juzuu 35. Humo mpokezi mmoja anaweza kuchukua kurasa kadhaa, walimu wake wakitajwa mmoja mmoja, na kauli za wakosoaji zikipangwa moja baada ya nyingine. Kisha akaja Ibn Hajar al-Asqalani, aliyefariki mwaka 852 Hijria. Yeye kwanza alikifupisha kitabu hicho, kisha akaufupisha ufupisho wake mwenyewe katika Taqrib al-Tahdhib, ambamo mpokezi kwa kawaida hupata mstari mmoja hivi: jina lake, nasaba yake kwa ufupi, daraja lake la kuaminiwa na tabaka alilomo.

Tazameni basi mambo matatu. La kwanza, hakuna mwanachuoni anayesema kuwa kitabu kifupi kimekibatilisha kile kirefu, wala kuwa kirefu kimekifanya kifupi kisihitajiwe. Anayetaka kulichunguza jambo kwa undani hufungua kile kirefu. Anayetaka hukumu kwa haraka hufungua kile kifupi. La pili, ufupi wa Ibn Hajar haukutokana na uchache wa elimu. Aliweza kusema kwa mstari mmoja kwa sababu alikuwa ameyasoma yote. La tatu, muhtasari ulitoka katika kumbukumbu iliyokwisha kuandikwa, kisichoandikwa hakifupishiki.

Hiyo ndiyo nafasi ya CV na rezume. CV iliyokamilika ni kile kitabu kirefu, na rezume ni ule mstari. Mtafuta kazi mwenye akili huwa navyo vyote viwili: daftari refu analolitunza nyumbani na kuliongeza kila anapopata jambo jipya, na karatasi fupi anayoitoa humo kila linapotoka tangazo.

KILA NCHI NA DESTURI YAKE

Mkanganyiko unaingia kwa sababu watu wa nchi mbalimbali hawayatumii majina haya kwa namna moja. Huko Marekani, na kwa sehemu kubwa Kanada pia, mtu anayeomba kazi ya kawaida katika kampuni au taasisi hutakiwa kupeleka rezume ya ukurasa mmoja, au kurasa mbili kwa mwenye uzoefu wa miaka mingi. Huko neno CV limebakia kwa wahadhiri, watafiti na baadhi ya matabibu. Nayo huwa ndefu kwelikweli, ikibeba orodha ya maandiko yote, mihadhara, tuzo na masomo aliyofundisha mtu, na hakuna anayelalamika ikifika kurasa kumi.

Uingereza mambo ni tofauti. Huko neno rezume halitumiki sana. Karibu kila kazi huombwa kwa CV, lakini CV hiyo kwa kawaida haizidi kurasa mbili, yaani ni ndugu wa ile rezume ya Wamarekani. Nasi Tanzania na Kenya tumerithi msamiati wa Waingereza: tangazo la hapa likisema CV, mara nyingi halikusudii ule msururu wa kurasa za mhadhiri wa Marekani.

Kanuni basi ni nyepesi. Tangazo linapotoka katika shirika lenye asili ya Marekani na likataka rezume, usipeleke kurasa tano. Linapotoka katika chuo kikuu kinachotafuta mhadhiri, usipeleke ukurasa mmoja ukaficha utafiti wako. Na tangazo likitaja idadi ya kurasa, hiyo ndiyo amri, na desturi zote zinakaa kando.

Jambo jingine linalotofautiana ni habari za mtu binafsi. Marekani ina sheria ya mwaka 1964 inayokataza ubaguzi katika ajira kwa rangi, dini, jinsia na asili, na nyingine ya mwaka 1967 inayowalinda watu wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Uingereza ina Sheria ya Usawa ya mwaka 2010. Kwa sababu hiyo, katika nchi hizo haipendezi kuweka picha, umri, dini wala hali ya ndoa. Waajiri wenyewe hawapendi kuviona, wasije wakatuhumiwa kuwa walivitumia kuamua. Katika nchi za Ghuba ni kinyume chake: mara nyingi hutarajiwa kuwepo picha, uraia, tarehe ya kuzaliwa, hali ya ndoa na hali ya viza.

Hapa kwetu tumesimama katikati. Wengi bado huandika tarehe ya kuzaliwa, jinsia na uraia, na kazi za serikali huwa na kikomo cha umri, hivyo umri unahitajika. Dini haihitajiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mwombaji kwa dini yake. Na dada yetu anayetakiwa kupeleka picha anaipeleka akiwa na hijabu yake kama anavyopiga picha ya pasi ya kusafiria, uso ukiwa wazi, bila ya kuona haya.

Hapo hapo tunatoa tahadhari kwa wazazi. Wapo mawakala wanaowakusanyia mabinti CV kwa ajili ya kazi za ng'ambo, na katika CV hiyo wanataka namba ya pasi, picha za namna mbalimbali na hata vyeti halisi. Mwajiri anayesoma wasifu hana haja ya cheti halisi, nakala inatosha. Cheti halisi na pasi havikai mikononi mwa mtu ambaye ofisi yake hamkuiona na usajili wake hamkuuhakiki katika ofisi za kazi za serikali.

CV YA KUOMBEA KAZI SERIKALINI

Kwa kuwa wengi wa vijana wetu huelekea kwanza serikalini, tuseme machache. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hutaka maombi yatumwe kwa njia ya mtandao, na anayejisajili huko huhitaji namba ya Kitambulisho cha Taifa. Kwa kawaida mwombaji huagizwa aambatishe barua ya maombi iliyosainiwa, ya Kiswahili au Kiingereza. CV ya karibuni yenye anwani, baruapepe na namba za simu zinazopatikana. Wadhamini watatu wa kuaminika pamoja na mawasiliano yao. Na nakala zilizothibitishwa za cheti cha kuzaliwa na za vyeti vya elimu.

Karatasi za matokeo ya Kidato cha Nne na cha Sita hazikubaliwi mahali pa vyeti. Aliyesoma nje ya nchi hutakiwa kuvithibitisha vyeti vyake: vya sekondari kwa Baraza la Mitihani la Tanzania, na vya shahada kwa Tume ya Vyuo Vikuu. Jambo hili linawahusu sana ndugu zetu waliosoma vyuo vya Sudan, Misri, Madina na kwingineko, ambao hurudi na shahada nzuri wakaiweka kabatini bila ya kuipeleka kuhakikiwa, hata siku ya tangazo ikafika wakawa wamechelewa.

Kwa kazi za namna hii usiikate CV yako mpaka ibaki mifupa mitupu. Mpangilio unaokubalika ni huu: majina kama yalivyo katika vyeti, mawasiliano, elimu kuanzia ya karibuni kurudi nyuma, kazi na kujitolea kwa mpangilio huohuo, mafunzo mafupi, lugha, kisha wadhamini. Tumesema majina kama yalivyo katika vyeti kwa sababu tunayajua matatizo yetu. Kijana cheti cha kuzaliwa kinasema Muhammad, cha Kidato cha Nne kinasema Mohamed, na kitambulisho kinasema Mohammedi. Kwetu sisi ni mtu mmoja, ila kwa anayehakiki ni watu watatu. Aanze mapema kulirekebisha kisheria kwa hati ya kiapo kabla tangazo halijatoka.

NAMNA YA KUTOA REZUME KATIKA CV

Rezume haipatikani kwa kuyafanya maandishi kuwa madogo ili kurasa nne ziingie katika mbili. Inapatikana kwa kuchagua, na kinachoamua ni tangazo lenyewe. Lisome mara tatu, uyapigie mstari mambo wanayoyataka, kisha rudi katika daftari lako refu utazame ni lipi ulilolifanya linalojibu kila jambo. Yasiyojibu chochote yaache yabaki nyumbani. Shule ya msingi iache. Mambo uyapendayo, kama kutazama mpira na kusafiri, yaache. Zile sentensi ambazo kila mtu huziandika, kwamba anaweza kufanya kazi katika mazingira magumu na kwa usimamizi mdogo, ziache pia, kwa sababu hazimtofautishi mtu na mwenziwe.

Kisha eleza matendo kwa kipimo chake. Aliyeandika kwamba alihusika na masuala ya fedha za madrasa hajasema kitu. Aliyeandika kwamba kwa miaka mitatu alipokea na kuandika ada za wanafunzi 120, na kila mwisho wa muhula akawasomea wazazi mapato na matumizi, huyo amesema, na msomaji ameuona uaminifu wake bila ya neno uaminifu kutajwa. Kampuni kubwa siku hizi hutumia programu za kompyuta kuzichuja karatasi kabla ya mtu kuzisoma; kwa hiyo tumia maneno yaleyale ya tangazo pale yanapokuwa kweli juu yako, na uache mapambo ya rangi na visanduku ambavyo programu hizo mara nyingine hushindwa kuvisoma.

Tunaomba pia vijana waache kuandikiwa. Wengi huenda katika duka la kuchapisha na kutoa nakala, wakataja jina na shule, na mwenye duka akaingiza katika CV iliyokwisha kuwapo. Matokeo yake vijana kumi wa mtaa mmoja wanakuwa na wasifu mmoja, wenye sentensi zilezile na makosa yaleyale. Na siku ya usaili anaulizwa juu ya jambo lililomo katika karatasi yake asijue kuwa limo. Mwenye duka na achape. Maneno ayatoe mwenye maisha.

YALE TUNAYOYASAHAU

Katika karatasi tunazoletewa, jambo linalotuhuzunisha zaidi kuliko makosa ya tahajia ni mambo mema yaliyoachwa. Alikuja kijana mmoja ambaye wote tunamjua. Tangu akiwa kidato cha pili alikuwa akifundisha watoto Qur'ani jioni. Alipomaliza kidato cha sita akapewa usimamizi wa madrasa nzima, akapanga ratiba, akawasimamia walimu wadogo wanne, akaendesha mashindano ya kuhifadhi ya mtaa wetu. Katika CV yake, mahali pa uzoefu, alikuwa ameandika: sina. Tulipomuuliza, alisema hakudhani kuwa mambo ya msikitini yanahesabiwa.

Yanahesabiwa, ndugu zetu, ila yaandikwe kwa lugha ambayo mwajiri asiyekuwa wa kwetu ataifahamu. Usiandike tu kuwa wewe ni mudiri wa madrasa. Andika kuwa ulisimamia kituo cha mafunzo cha jioni chenye wanafunzi kadhaa na walimu kadhaa, kwa kujitolea, tangu mwaka fulani hadi mwaka fulani. Aliyehifadhi Qur'ani yote ameonesha nidhamu ya miaka, nayo ina nafasi yake katika sehemu ya mafunzo, hasa kazi ikiwa ya ualimu au ya lugha. Kiarabu ni lugha. Taja kama unakisoma tu, unakiandika au unakizungumza. Aliyefanya mtihani wa Taifa wa Elimu ya Dini ya Kiislamu au wa Kiarabu asiyafiche masomo hayo kana kwamba si masomo.

Na mama zetu na dada zetu wasisahauliwe. Yupo aliyeacha kazi miaka sita kulea watoto, na anapotaka kurudi huona lile pengo la miaka kuwa ni aibu. Si aibu, wala halihitaji kufichwa kwa kuzisogeza tarehe. Liandikwe kwa mstari mmoja: miaka hii nilikuwa nikilea familia. Kisha ajiulize alifanya nini kingine ndani ya miaka hiyo. Aliyekuwa mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa cha akina mama, akatunza daftari na sanduku mpaka siku ya kugawana hesabu ikatimia, anao uzoefu ambao vijana wengi wenye shahada hawana.

AMANA

Sasa turudi katika kueleza na kupamba. Wapo vijana wachamungu wanaoona vibaya kujitaja kwa wema, wakiogopa kujisifu. Hofu hiyo ni nzuri, lakini iwekwe mahali pake. Qur'ani Tukufu inatusimulia katika Sura Yusuf kwamba Nabii Yusuf (a.s.) alipoletwa mbele ya mfalme aliomba kusimamia hazina za nchi, akataja sifa zake mbili: kwamba ni mtunzaji, na kwamba ana ujuzi. Wafasiri wamechukua humo kwamba yafaa mtu kuzitaja sifa zake kwa asiyemjua, pale panapokuwa na haja na lengo likawa jema. Nasi tunaongeza kwamba hatukupata kuona rezume fupi kuliko hiyo. Sifa mbili tu, na zote mbili ndizo zilizohitajiwa na kazi yenyewe: hazina hutaka atakayeitunza, na miaka ya njaa hutaka anayejua kuipangia.

Katika Sura al-Qasas tunasoma namna ya pili, ya mtu kusifiwa na mwingine. Binti wa yule mzee wa Madyan alimshauri baba yake amwajiri Musa (a.s.), akasema kuwa aliye bora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu aliye mwaminifu. Huyo ndiye mdhamini wa kweli, kwani alikuwa ameyaona kwa macho yake: alimwona Musa akiwanyweshea mifugo yao penye msongamano wa wachungaji, kisha akamwona namna alivyojiheshimu.

Kinyume cha hayo ni udanganyifu. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akaingiza mkono wake katika lundo la nafaka la muuzaji mmoja, vidole vyake vikakuta umajimaji chini ilhali juu kumekauka. Akamkemea kwa kuificha sehemu iliyolowa isionekane na wanunuzi, na akatamka kwamba mwenye kughushi hayumo katika kundi lake. Neno letu la Kiswahili, kughushi, linatokana na neno hilohilo la hadithi. Basi CV iliyoongezwa cheo ambacho mtu hakukishika, au miaka ambayo hakuifanya, au daraja la ufaulu ambalo hakulipata, ni lundo lililokauka juu na kulowa chini, na mkono utakaoingizwa ndani hauko mbali.

Taifa letu limeuona mkono huo. Mwezi Aprili mwaka 2017 Rais John Magufuli alikabidhiwa mjini Dodoma taarifa ya uhakiki wa vyeti, nayo ilitaja watumishi wa umma 9,932 waliokuwa na vyeti vya kughushi. Wengi walikuwa wameshafanya kazi miaka mingi, wana watoto shuleni na nyumba zilizojengwa nusu. Wakatakiwa kutoka kazini. Hatulitaji jambo hili kwa kuwacheka. Tunalitaja ili mzazi anayemwambia mwanawe aongeze kidogo tu, kwani wote wanaongeza, ajue anachomtakia.

Hapa tuseme wazi na upande wetu sisi viongozi wa misikiti. Huja mtu na barua iliyokwisha kuandikwa, ikisema kuwa alikuwa katibu wa vijana wa msikiti kwa miaka minne, akitaka tuigonge muhuri, na sisi tunajua kuwa hakuwa. Huja mzazi mwenye heshima zake, mchangiaji mkubwa wa msikiti, akitaka tumdhamini mwanawe ambaye hatumjui. Tunapokataa huambiwa kuwa tunawabania riziki vijana wa Kiislamu ilhali wengine wanabebana. Jibu letu halibadiliki. Saini ya mdhamini ni ushahidi, na ushahidi wa uongo umehesabiwa na Mtume (s.a.w.) katika madhambi makubwa kabisa. Tena, muhuri ukigongwa juu ya uongo mara moja, barua ya yule kijana mkweli aliyefundisha madrasa miaka saba haitaaminiwa tena, kwa kuwa imetoka katika ofisi ileile. Tukimwandikia tusilolijua mmoja, tumewadhulumu wengi tunaowajua. Tunachoweza kumpa asiye na historia nasi ni kumwambia aje. Kazi za kujitolea zipo, daftari la kamati lipo, na baada ya mwaka mmoja tutamwandikia barua ya kweli kwa mikono miwili.

LA KUFANYA WIKI HII

Kila kijana, awe na kazi au hana, anunue daftari au afungue faili katika simu yake, aandike sira yake yote: elimu, kazi, kujitolea, mafunzo, tarehe na mahali, pamoja na majina ya walioshuhudia. Asichague wala asifupishe. Hicho ndicho kitabu chake kirefu. Awapigie wadhamini wake awaombe idhini, kwani ni utovu wa adabu mtu kupigiwa simu na mwajiri kuhusu kijana ambaye hata hakumwarifu. Kisha achukue tangazo moja, atoe humo ukurasa mmoja au miwili, ampe mtu mmoja mwenye ujuzi na mmoja asiye na ujuzi wa kazi hiyo wausome. Akiisha, ajiulize juu ya kila mstari: nikiulizwa mbele ya mtu aliyekuwepo siku hiyo, nitausema mstari huu bila ya kuinamisha macho? Utakaoshindwa kusimama, aufute.

Wazazi wawasaidie kwa kuwakumbusha waliyoyasahau, kwani mara nyingi mama hukumbuka mambo ya mwanawe kuliko mwenyewe. Na walimu wa madrasa waanze kutunza kumbukumbu za wanaojitolea, mwaka walioanza na walilolifanya, ili siku ya kushuhudia tushuhudie kwa maandishi.

Riziki iko kwa Allah, na sababu ziko mikononi mwetu. Tunamuomba awafungulie vijana wetu milango ya halali, awatosheleze nayo wasiihitaji haramu, na atujaalie tuwe katika wanaosema kweli hata juu ya nafsi zao.

Wabillahi tawfiq.